Bibi Zetu Walijifunza Ukubwani

Mabibi harusi wa mwezi huu wameniuliza sana habari za kumbi, hina na wapambaji, na nitawajibu in shaa Allah. Leo lakini naomba niwaletee habari ya zamani kidogo, kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu usiku wa kusingwa mtoto wa dada yangu.

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Spika tulizokodi zikanyamaza, na kijana aliyekuja nazo akatuambia dirishani kuwa jenereta hana. Wanawake tumejaa mkekani, biharusi yumo ndani ya kanga zake ananukia singo na asmini, na chumba kizima kimya utadhani msibani. Mama mkubwa wangu akaagiza aletewe matari mawili yaliyotundikwa ukutani tangu alipofariki bibi yetu. Ngozi zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Akaziota juu ya jiko la makaa, akizigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka zikalia vizuri. Akachukua moja. Akauliza nani atapokea la pili.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kulikuwa na mwalimu wa skuli, wauguzi wawili, mwanamke mwenye digrii ya uhasibu, na mimi ninayewaandikia kila wiki mambo ya harusi. Wote tulijua vigelegele na makofi, basi. Mwenzetu mmoja akajitetea: "Mama, sisi hatukufundishwa." Mama mkubwa akamtazama juu ya miwani. "Na mimi nani alinifundisha? Nilianza nina watoto watatu."

Maneno hayo hayakunitoka kichwani. Nilikuwa nadhani wanawake wa zamani walizaliwa wanajua, kwamba tari na nyimbo ni kitu walichonyonya pamoja na maziwa. Kumbe wengi walianza kama ambavyo sisi tungeanza, wakiwa watu wazima, wameolewa, pengine wameachika, hawajui hili wala lile, na waliwafuata wenzao tu.

Nianze mbali kidogo, Madina. Wengi wenu mnaijua habari ya Bi Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.), iliyopokewa katika Sahihi Bukhari. Asubuhi ya harusi yake Mtume (s.a.w.) alimtembelea, akakaa, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja kwa nyimbo wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akatia ndani ya wimbo kuwa miongoni mwao yumo Mtume ajuaye ya kesho. Akamwambia aliache hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Nimeisikia habari hii mara nyingi katika darsa, lakini sikuwahi kutua hapo: kilichosahihishwa ni neno, na dufu likaendelea. Na katika ile habari ya siku ya Idi, Bi Aisha (r.a.) mwenyewe anaeleza kuwa wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwake hawakuwa waimbaji. Walikuwa wasichana wa Ansari tu.

Najua wanazuoni wametofautiana katika ala nyengine, na si kazi yangu kuhukumu baina yao. Kila mmoja na amuulize mwalimu anayemwamini. Ninachotaka kusimulia ni jinsi wanawake wa pwani hii walivyoishi, pamoja na yale ambayo baadhi yetu tusingeyafanya leo.

Pwani hii ilikuwa na mambo mengi ya kupigwa na mikono ya wanawake. Mombasa na Lamu kulikuwa na vugo, pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti wanawake wakiimba nyimbo za harusi. Huku kwetu kulikuwa na unyago, na ngoma yake ndefu ya msondo, ambayo wengi wenu mliiona kwa Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Mwari hakufundishwa kwa daftari. Aliwekwa katikati ya wanawake wazima wakaimba, na akitoka hapo amejua mwili wake, adabu za nyumba, na mapigo kadhaa ya ngoma bila kutambua kuwa amejifunza.

Kisha kuna lelemama. Tukilisikia neno hili leo tunadhani ni aina ya mchezo tu: safu ya wanawake wenye sare, viungo vinasogea polepole, mikono ndiyo inayosema. Lakini lelemama ilikuwa chama. Wanawake walichanga, wakashona sare, wakapeana vyeo, wakapangiana zamu za kwenda kuhani na kusaidia harusi. Mombasa vyama viwili vilivyovuma, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kupigana vijembe mpaka mji ukagawika. Mwanamke hakuulizwa kwanza kama ana sauti. Aliulizwa ni mtoto wa nani, rafiki yake ni nani, na ataweza kuchanga. Sauti ilikuja baadaye, au haikuja kabisa, na aliendelea kusimama safuni.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa na sisi. Leo mtu akitaka kuimba anataka kwanza ahakikishiwe kuwa anajua. Wao walitaka kwanza kuwa pamoja.

Kwa upande wa wanaume hadithi inajulikana zaidi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim huko kujifunza kanuni, na taarabu ikaanza kusikika katika jumba la mfalme. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, ndugu wa usafi, wakaagiza ala kutoka Misri. Tukiitaja Ikhwani Safaa tunaitaja kwa heshima kama chuo kikuu, na inastahiki. Lakini mwanzo wake ulikuwa vijana waliojikusanya jioni kwa kupenda tu, mbele yao ala za kigeni walizopaswa kuzizoea. Nao walikuwa wanaanza.

Wanawake walisikia taarabu hiyo kwa kupitia madirisha. Iliimbwa kwa Kiarabu, wakubwa wakistarehe. Aliyeufungua mlango alikuwa mwanamke mzima kutoka shamba, na hakuna anayefaa zaidi kutajwa katika makala hii.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia iliyopitia utumwa, na jina alilopewa kwanza ni Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Alikuwa akivitembeza akitangaza biashara yake kwa sauti, na watu wakaanza kuijua sauti kabla ya kuvijua vyungu. Alikuja mjini kiasi cha 1911, umri wake kwenye miaka thelathini, ameshaolewa na kuachika, hajasoma. Hebu fikirini. Leo mwanamke wa miaka thelathini akisema anataka kuanza kitu kipya tunamwambia "shoga, wakati umepita." Siti alianza hapo. Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa alimfundisha kuimba na udi. Alijifunza kusoma Qur'ani kwa ukubwa, na waliomsikia walimsifu kwa usomaji kama walivyomsifu kwa nyimbo.

Na hakuimba peke yake. Kulikuwa na Subeti Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban, na walikuwa wakikutana nyumbani kwake wakisikilizana, mmoja akileta habari ya mji, mwengine akileta maneno, wimbo ukatengenezwa hapo hapo kwa Kiswahili ambacho muuza samaki na biharusi wote wanakifahamu. Mwaka 1928 walisafiri kwa meli hadi Bombay kurikodi santuri. Mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu Fumba sauti yake ikarudi nyumbani imo ndani ya sahani nyeusi, watu wakakusanyika mikahawani kuisikiliza. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu ambao wengine mliusoma skuli. Kama mlisoma kwa ajili ya mtihani tu, usomeni tena.

Siti alipokwisha kuonyesha kuwa inawezekana, wanawake wa mitaani hawakungoja wapatikane akina Siti wengine. Walianzisha vikundi vyao. Majina yake yananichekesha kila ninapoyasoma: Royal Air Force, Royal Navy. Wanawake wa Kiislamu waliovaa mabuibui, wenye watoto na majiko ya kuangalia, wanajiita jeshi la anga la Mwingereza! Nadhani ndiyo ulikuwa utani wenyewe. Wengine walijiita Nuru el-Uyun, nuru ya macho, na Sahib el-Ari.

Vilifanyaje kazi? Kwa jinsi wazee wanavyosimulia, kama lelemama. Unaingia kwa rafiki au jamaa. Unachanga. Mnanunua kanga au kitambaa cha sare kwa ajili ya harusi ya mwenzenu. Jioni mnakutana nyumbani kwa mmoja wenu, anayejua anaimba ubeti, wasiojua wanaitikia. Kuitikia ndiyo darsa la kwanza. Ukiitikia miezi sita, ubeti umeshakukaa kinywani, na siku moja mwimbaji ana mafua, unaambiwa, "Leo wewe." Hakuna mtihani wala cheti. Anayetoka nje ya sauti anafunikwa na wenzake thelathini.

Na hata asiyeimba alikuwa na sehemu yake. Mnajua kutunza: mtu anainuka na noti mkononi, anajivuta taratibu mpaka kwa mwimbaji, na ubeti alioinukia ndio ujumbe wake. Mke mwenza anasikia, jirani anasikia, na wote wanajua kafumbwa nani. Mwanamke asiyeweza kusema barazani jambo lake alilisema kwa kuinuka wakati unaofaa.

Sitawapamba kupita kiasi. Vikundi hivi viligombana vibaya. Mafumbo yaliingia katika ndoa za watu, mashoga wa miaka mingi wakaacha kuamkiana, na sare ikawa mzigo kwa asiye nacho. Walikuwapo waliokopa ili wasionekane tofauti. Bibi yetu alikuwa akisema harusi moja ilimfilisi kwa kanga kuliko mahari ilivyomtajirisha. Uzuri wa kuwa pamoja una gharama yake, na waliolipa zaidi walikuwa maskini.

Kuna jambo jengine linalonisumbua zaidi. Katika vikundi vingi vya taarabu vya wanawake, wanawake waliimba na kutunza, na aliyeshika fidla, udi au kinanda mara nyingi alikuwa mwanamme, amekaa pembeni. Katika mambo ya mikono yao wenyewe, tari, vugo, msondo, wanawake walikuwa mabingwa. Mbele ya ala zilizoletwa kwa meli wakarudi kuwa wageni. Labda ni kwa sababu ala hizo zilikuwa ghali, au zilikaa klabuni ambako wanaume ndio walioshinda. Lakini matokeo yake ni kwamba siku mpigaji hakuja, wanawake thelathini wenye sauti walikwama. Kama sisi ule usiku wa umeme.

Nguvu ya vikundi hivi haikuishia kwenye harusi. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, hakwenda kutafuta wasomi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma mjini, maana yeye alikuwa mmoja wao na alijua wanapokutana. Ukimpata kiongozi wa kikundi umepata wanawake wote walio nyuma yake, wanaofahamiana, waliozoea kuchanga na kufika kwa wakati. Mombasa nako, katika miaka hiyo ya 1950, wanawake waliokulia katika lelemama waliingia katika vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo yao. Sidhani yeyote kati yao alipokwenda mazoezini mara ya kwanza alikuwa na habari kuwa anajifunza siasa. Alikwenda kuimba na shoga zake.

Kisha mambo yakabadilika polepole. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipanda, kinanda kimoja cha umeme kikachukua nafasi ya fidla zote, udi na kanuni, na rusha roho ikajaza kumbi. Sikatai, nami nilicheza. Halafu hata kinanda kikawa kazi, ikabaki simu na spika. Kwa biharusi ni rahisi, kwa mfuko pia pengine ni nafuu. Lakini spika haihitaji waitikiaji. Shangazi aliyekuwa akikalishwa mbele kwa sababu anajua ubeti wa zamani sasa anakalishwa nyuma, karibu na mlango, asisumbuliwe na kelele.

Si kwamba uzi umekatika kabisa. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua darasa katika jengo la zamani la forodha, Mizingani, na wasichana wa hapa wakaanza kuonekana na udi, kanuni na fidla mikononi. Na katika karne hii hii Bi Maryam Hamdani, mwandishi wa habari tunayemjua sote, aliunda Tausi, kundi la taarabu ambalo wanawake wanaimba na ala wanapiga wenyewe. Mara ya kwanza nilipowaona, nilijikuta natafuta kwa macho yuko wapi mwanamme wa fidla. Aibu yangu.

Narudi nyumbani. Wiki moja baada ya ile harusi nilimfuata mama mkubwa nikamwambia tunataka kuanza. Tulikuwa sita, mdogo ana miaka ishirini na saba, mkubwa hamsini na nne. Tunakutana Jumapili baada ya Alasiri, watoto wakiwa madrasa. Kwa wiki tatu za mwanzo hakutupa tari. Tulipiga mapaja. Pigo moja zito, mawili mepesi, bila kukimbia. "Mnakimbia kama mnafukuzwa," alisema, na kweli, kila tukicheka tunaongeza mwendo. Tukagundua kuwa kosa letu si mikono. Kila mmoja alikuwa anajisikiliza mwenyewe.

Alipotupa matari akatugawa. Wawili wanashika pigo la chini, lisilobadilika hata nyumba ikiwaka moto. Wawili wanajibu katikati. Mmoja tu ndiye anayechezea juu, na huyo ni yeye mpaka atakapotuamini. Wa sita anaota ngozi makaani, kwa sababu jioni za masika tari likikaa nusu saa tu limeshalegea. Zamu hiyo tunaigombea, maana anayeota ngozi ndiye anayekunywa kahawa.

Aliye dhaifu kati yetu kwa mkono ni yule mhasibu. Hesabu anaijua, pigo linamkimbia. Siku moja alitaka kuacha, akasema anatuharibia. Mama mkubwa akamhamishia kwenye kuitikia, ikaonekana kuwa anakumbuka maneno ya nyimbo zote za bibi yake, zikiwamo beti ambazo mama mkubwa mwenyewe alizisahau. Sasa anaziandika, na katika kuandika tumekuta mbili zenye mafumbo ambayo hatutayaimba mbele ya mawifi.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuwa na singo la binti yake. Hawakutuita kwa malipo, na hatukwenda na sare. Tulikaa kwenye mkeka miguu tumekunja, spika zipo pembeni zimezimwa, na mama mkubwa akatoa macho kwa kila aliyetaka kukimbia. Katika wimbo wa pili tulipotea. Pigo la chini lilikwenda upande wake, la kati upande wake, na kwa muda ambao mimi niliuona kama saa nzima hakuna aliyejua arudi wapi. Wanawake waliokaa wakaanza kutupigia makofi polepole, wakatushika, tukarudi.

Mama wa biharusi akainuka na noti ya elfu mbili. Nilidhani anakwenda kumtunza mama mkubwa, kumbe akaiweka begani kwa mhasibu. Naye akashtuka, akasahau ubeti.

Wiki ijayo in shaa Allah nitawaandikia habari za hina. Na aliye na tari kuukuu nyumbani, asilitupe. Tuna upungufu wa mawili.